Safari ya Watu Wawili

Katika nchi yetu mtu akionekana anafunga mzigo huulizwa mara moja, "Kuna msiba, au kuna arusi?" Tangu zamani sisi twasafiri kwa sababu zijulikanazo: kuzika, kuoza, kumtazama mgonjwa, kutafuta kazi, au kwenda masomoni. Mtu asemaye kwamba atafunga safari pamoja na mkewe, avuke nchi kwenda kuutazama mto tu, huyo hudhaniwa kuwa amepungukiwa na akili, au amepata fedha asizozitolea jasho. Basi mimi ndiye mtu huyo. Ni mwaka wa pili sasa mke wangu nami tunaitengeneza safari ya kwenda Kisangani, mji ulio katikati ya misitu mikubwa ya Kongo, ukingoni mwa ule mto mkubwa. Safari yenyewe bado hatujaifunga. Walakini nimeona vema nieleze jinsi tunavyoitengeneza, maana katika kuitengeneza nimejifunza jambo ambalo sikufundishwa katika chuo cha ualimu.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu. Mimi nimelelewa na kengele. Tangu nilipopelekwa shule ya bweni ya misheni nikiwa mtoto, kengele iliniamsha, ikanilisha, ikanipeleka darasani na shambani, tena ikanilaza. Nilipokuwa mwalimu nikapewa kengele mkononi niwapigie wengine. Haya ni mafundisho mema, wala siyadharau. Lakini yamenitia mwendo wa haraka hata mahali pasipotaka haraka. Tukitoka nyumbani, mke wangu na mimi, baada ya hatua ishirini mimi nimekwisha kumwacha nyuma. Watu wa kijijini walizoea kutuona hivyo: mwalimu mbele, mkewe nyuma na kikapu.

Mwaka 2021 tulifiwa na mtoto wetu wa pili, mwana wa kiume wa miezi saba. Homa ilimshika usiku, nami nilikuwa shuleni nikimaliza kusahihisha mitihani; nilipoitwa nikafika, nikamkuta katika saa yake ya mwisho. Tukazika. Siku ya nne nilirudi darasani. Wenzangu walinisifu kwa moyo wa ushujaa, nami nikazipokea sifa hizo, kwa kuwa nilidhani kazi ni dawa. Sikujua kwamba dawa ile nilikunywa peke yangu. Mke wangu alibaki katika nyumba yenye kanga ya mtoto na mtungi wa uji, na hapana mtu aliyekaa naye kumsikiliza isipokuwa mama yake, naye akaondoka baada ya siku arobaini. Miaka mitatu ilipita ndipo aliponiambia, tena bila hasira, "Siku zile, Mwalimu, nilikuwa nikiisikia kengele ya shule kuliko sauti yako." Sikuwa na jibu. Nikamwuliza, "Unataka nifanye nini?" Akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nipeleke mahali pasipo kengele, tukae."

Nikamwuliza ni mahali gani. Akasema, "Kisangani kwa babu."

Huenda msomaji akashangaa. Babu yake mzaa mama alikuwa Mmanyema wa Ujiji, na watu wa Ujiji walio wa asili hiyo wana ndugu na habari nyingi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika ujana wake mzee huyo alivuka, akafanya kazi ya kupakia mizigo gatini huko Kisangani, zamani zile Wabelgiji walipouita mji huo Stanleyville. Alirudi Ujiji mwaka 1958, akafariki mwaka 2009. Mke wangu alipokuwa mtoto alikuwa akimkalia miguuni jioni kwa jioni akisikiliza habari za mto. Shuleni wenzake walimcheka kwa kusema "batoto" mahali pa "watoto," kwa kuwa ndivyo alivyomsikia babu akinena Kiswahili cha Kongo. Tangu hapo akaacha kuzieleza habari zile kwa mtu ye yote, hata kwangu mimi mumewe, mpaka jioni ile.

Basi nikafanya kama afanyavyo mwalimu. Nilitwaa daftari mpya, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika safari nzima kwa mfano wa azimio la kazi. Nilisoma vitabu na ramani kwa muda wa wiki tatu. Nikaandika hivi: siku ya kwanza, kufika Kinshasa, siku ya pili, kuruka kwa ndege mpaka Kisangani na kuona maporomoko, siku ya tatu, Yangambi, penye kituo cha kuchunguza mimea na kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, yapata kilomita 100 kwa kuufuata mto uendako, siku ya nne, kurudi, siku ya tano, Ubundu, siku ya saba, safari ya mashariki mpaka Epulu kumwona okapi, mnyama yule wa msituni afananaye na punda milia kwa miguu, lakini ni ndugu wa twiga. Kila siku niliigawa kwa saa. Nilikuwa na fahari juu ya kazi hiyo, nikampa mke wangu aisome karibu na taa.

Akasoma toka mwanzo hata mwisho, akaniuliza, "Na hapa tunakaa wapi?"

Nikasema, "Zipo nyumba za wageni. Nitauliza bei zake."

Akasema, "Siulizi pa kulala. Nauliza pa kukaa."

Ndipo akaomba kalamu ya risasi. Akaifuta Epulu. Akaifuta Ubundu. Yangambi hakuifuta, bali aliweka alama ya kuuliza. Palipoandikwa saa akapiga mstari mrefu wa kushuka toka juu hata chini. Kisha akaandika neno moja, Wagenia, akaliandika mara tatu katika siku tatu mbalimbali. Nikamwambia, "Mahali pamoja mara tatu? Na mambo mengine je?" Akacheka, akasema, "Mara ya kwanza utanieleza mambo uliyoyasoma. Mara ya pili utawauliza wavuvi maswali. Mara ya tatu labda utanyamaza."

Sasa niwaeleze wasomaji jambo hilo la Wagenia, maana ni zuri kulijua. Mto Kongo katika sehemu zake za juu huitwa Lualaba. Unapokaribia Kisangani hushuka katika maporomoko saba yaitwayo Boyoma, yaliyoenea katika mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na jumla ya kushuka kwake ni yapata mita 60 tu. Si maporomoko ya kuanguka toka juu kama maji ya mlima; ni maji mengi mno yapitayo kwa nguvu juu ya miamba. Katika poromoko la mwisho, karibu kabisa na mji, wakaa wavuvi Wagenia. Hao husimamisha magogo makubwa katika nyufa za miamba, katikati ya maji yaendayo kasi, wakayafunga kwa kamba za msituni mpaka yakawa kama vichanja virefu. Juu yake hutundika madema makubwa yenye midomo mipana, na maji yenyewe huwasukuma samaki wakaingia. Mtu akitaka kuyatazama madema, hana budi kupita juu ya magogo yale kwa mikono na miguu, na mto ukinguruma chini yake. Stanley aliyekuja na msafara wake mwezi Januari 1877 aliukuta uvuvi wa namna hiyo. Na hata leo upo, baba akimrithisha mwana.

Babu alikuwa akisema kwamba jambo la kutazama si samaki, bali ni subira ya watu wale. Mvuvi haukimbilii mto wala hashindani nao. Hujenga, hutundika, kisha hungoja. Nilipoyasikia hayo nilijua kuwa mke wangu hakuuchagua mji huo kwa bahati.

Mahali penyewe ndipo palipoufanya mji uwe mji. Toka hapo kwenda Kinshasa, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700, hapana maporomoko, na vyombo vyaweza kupita. Kwenda juu haviwezi. Kwa hiyo kila aliyetaka kutawala bara alitaka kukaa hapo. Stanley aliweka kituo mwaka 1883. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip, mfanya biashara mashuhuri wa Unguja, aliwekwa kuwa gavana wa mahali hapo kwa jina la Mfalme Leopold. Kwa njia za misafara hiyo ya pembe na ya watumwa Kiswahili kilifika huko; na katika habari hii imetupasa kukumbuka kwamba lugha tuipendayo ilipita katika njia yenye machozi. Leo watu wa Kisangani hunena Kiswahili na Kilingala pia. Mke wangu amesema kwamba tukifika huko, yeye ndiye atakayenena, nami nitakayesahihishwa.

Mji huo nao umejua huzuni. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa siku sita, nchi isiyo yao, na mamia ya raia wasiohusika wakafa. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara zilizofanyika katika vita vya miaka ile, pamoja na hasara za Kisangani. Nilipoisoma habari hii nilimwambia mke wangu kwamba hatuendi mahali pa kuchezea. Akanijibu, "Wanaojua kufiwa hawatatuuliza tumekuja kufanya nini."

Basi tukaanza upya. Azimio letu la sasa ni fupi. Tutakaa Kisangani siku kumi, wala hatutalala katika mji mwingine ila pale njia itakapotulazimisha. Asubuhi tutatoka mapema kabla ya jua kali, mchana tutapumzika, alasiri tutakaa ukingoni. Mvua ya huko hainyeshi kwa kufuata miezi kama yetu. Mji upo karibu sana na ikweta, kaskazini yake kidogo, na hakuna mwezi usio na mvua kabisa; lakini toka Desemba hata Februari hupungua. Likizo yetu ya Desemba yapatana na hali hiyo. Tumeafikiana kwamba mvua ikinyesha hatutasema siku imeharibika. Tutakaa barazani tuitazame.

Siku moja tutavuka kwa mtumbwi mpaka Lubunga, sehemu ya mji iliyo upande wa pili, ilikokuwa ikianzia reli ya kwenda Ubundu. Siku nyingine tutakwenda sokoni, bila orodha, tuone sombe, ndizi zilizopondwa ziitwazo lituma, na samaki waliofungwa katika majani wakachomwa, waitwao liboke. Mke wangu ataka kupanda toleka, yaani baiskeli ya kuchukua abiria, ambazo siku hizi zimepungua kwa wingi wa pikipiki, jina hilo ni la Kilingala, na maana yake ni "tupite." Nimemwambia nitapanda ya kwangu nyuma ya yake. Kuhusu Yangambi, tutaamua huko huko. Tukiwa na nguvu na njia ikiwa njema, tutakwenda. Tukiwa tumestarehe, miti ya Yangambi haitatulaumu.

Juu ya afya tumejiandikia mambo ambayo mtu asiyafanye kwa haraka. Sindano ya homa ya manjano yapasa kuchomwa siku kumi au zaidi kabla ya kuingia Kongo, na cheti chake huonyeshwa mpakani. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Chandarua tutachukua chetu, na dawa ya kujikinga na malaria tutamwuliza mganga mapema. Mtoto wetu mkubwa, binti wa miaka tisa, atakaa kwa bibi yake. Alipoambiwa, aliuliza kama tutamletea jiwe la mtoni. Jambo hilo limeandikwa katika daftari kwa wino.

Sasa nije kwenye njia. Njia aliyoitamani mke wangu ni ile ya babu. Zamani zile mtu alitoka Kigoma kwa meli, akavuka ziwa mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Hapo alipanda gari la moshi mpaka Kabalo, akaendelea mpaka Kongolo, na kwa gari la moshi tena mpaka Kindu. Toka Kindu alishuka kwa meli ya mtoni mpaka Ubundu. Na toka Ubundu, kwa sababu ya maporomoko, alipanda gari la moshi kwa kilomita 125 mpaka mbele ya Kisangani. Kipande hicho cha mwisho kilifunguliwa mwaka 1906, na kile cha Kabalo mpaka ziwani kilimalizika mwaka 1915. Reli, mto, reli: mtu alibadili chombo kila maji yalipokataa. Safari ya namna hiyo ndiyo hasa safari ya polepole.

Lakini njia hiyo leo si ya kutegemewa, na nchi za mashariki ya Kongo zimo katika vita. Tulikuwa tumeanza kuweka akiba miezi michache tu, tukasikia kwamba mji wa Goma umetwaliwa na waasi wa M23, mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu baada yake mwezi Februari. Usiku ule nilifunga daftari nikasema, "Basi yamekwisha." Mke wangu akalifungua tena. Akasema, "Yamekwisha kwa nani? Walio huko hawana daftari la kufunga." Tukapatana hivi: tutakwenda kwa ndege kupitia Kinshasa, wala si kwa nchi kavu, tena kila mwaka, mwezi Oktoba, tutauliza ubalozini na kwa watu waliotoka huko, na wakisema si vema, tutangoja mwaka mwingine. Hatutaki kuwa mzigo kwa watu wenye mizigo yao. Mimi nilikuwa nikidhani kungoja ni kushindwa. Sasa naona kwamba mtu asiyeweza kungoja amani ya wenzake hafai kuwa mgeni wao.

Jambo la fedha ndilo lililotutia katika jaribu kubwa. Tulihesabu nauli, malazi, chakula, sindano na vyeti, tukaona shilingi 5,400,000 zitatosha kwa unyofu. Mimi natoa 100,000 kila mwezi katika mshahara wangu, na mke wangu 50,000 katika kazi yake ya cherehani. Hizo ni 150,000 kwa mwezi, yaani miaka mitatu kamili. Tulianza Oktoba 2024, tukapanga kuondoka Desemba 2027. Baada ya miezi kumi na minne tulikuwa na 2,100,000.

Ndipo kaka yangu mkubwa alipokuja. Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka," akaitikia, akaketi, akanywa chai. Kisha akasema, "Nyumba ya mama inavuja. Nanyi nasikia mnaweka fedha za kwenda kutazama maji." Nilikasirika moyoni, kwa kuwa neno lilikuwa kali, nikaona haya pia, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilitaka kujibu mara moja, kama desturi yangu. Mke wangu aliniwahi, akasema kwa adabu, "Kaka, tupe mpaka kesho tuzungumze."

Usiku tukalitoa daftari. Nilidhani atalia, kwa kuwa safari hii ni yake kuliko yangu. Yeye akapiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho: mabati na misumari na fundi, sehemu yetu ni 600,000. Itabaki 1,500,000. Tumerudi nyuma miezi minne. Nikamwonyesha kwamba si miezi minne tu, maana hesabu mpya yatimia Januari 2028, na likizo ya Desemba itakuwa imepita; basi ni mwaka mzima, hata Desemba 2028. Akaitazama hesabu, akasema, "Mto haujahama tangu babu. Mama yako analowa sasa." Asubuhi zilitolewa fedha, na aliyezitoa kwa mkono wake ni yeye.

Mabati yamekwisha kupigwa. Kaka alikuja tena kutushukuru, akaiona ramani ukutani. Alisimama mbele yake kwa muda, akauliza, "Huko samaki wao ni wa namna gani?" Mke wangu akamweleza habari za Wagenia na madema yao mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo hajatucheka.

Walimu wenzangu, nimewaambia kwamba nimejifunza jambo, nalo ni hili. Safari ya watu wawili haipimwi kwa mwendo wa yule aendaye mbio, bali kwa mwendo wa yule aendaye pole. Na mwendo huo haujifunzwi siku ya kuondoka. Kwa hiyo tumejiwekea mazoezi. Karibu na shule yetu kuna kijito, si mto wa kutajwa katika kitabu. Kila Jumamosi alasiri twachukua mkeka na chupa ya chai, tukatembea bega kwa bega mpaka huko, tukakaa. Jumamosi ya kwanza nilichukua madaftari ya wanafunzi nisahihishe. Mke wangu hakusema neno. Jumamosi ya pili nilichukua machache. Ya tatu nikayaacha nyumbani, nikaona saa moja ni ndefu kuliko nilivyodhani, na mikono yangu haikujua ifanye nini.

Hata Jumamosi moja, tulipokuwa tumekaa kimya, mke wangu akaanza kunieleza habari za usiku ule wa mwaka 2021. Alinieleza jinsi mtoto alivyokishika kidole chake, na jinsi alivyomwimbia, na jinsi alivyotazama mlangoni kila aliposikia hatua za mtu njiani. Mambo hayo sikuyajua. Yalikuwa ndani yake miaka yote hiyo, na mimi katika haraka yangu sikukaa hata mara moja mahali ambapo angeweza kuniambia. Alipokuwa akinena, kengele ya michezo ililia shuleni. Miguu yangu ilijikunja yenyewe nitake kusimama. Nikaituliza, nikakaa. Alieleza mpaka akamaliza, na jua likawa limekwisha kushuka, tukarudi polepole katika giza.

Kisangani bado twaitaka, wala hatujaibadili kwa kijito. Desemba 2028 si mbali kwa watu waliozoea kungoja. Kama yuko msomaji aliyewahi kukaa katika mji ule, twamwomba kwa heshima aandike katika gazeti hili, atuambie ni ukingo upi ufaao watu wawili kukaa mchana kutwa bila kumzuia mvuvi kazi yake.